Lori la rimoti linalovuta leo kushoto, kesho kulia: achana na trimu kwanza

*“Habari za kazi, fundi. Ni mama wa kijana wa kidato cha pili, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mjomba wake alimwachia lori la rimoti lililokwisha kutumika, ukubwa wa 1/10 ya gari halisi, linavuta kwa matairi yote manne, betri ni ya litiamu volti 7.4. Mwanzoni lilikuwa linavuta kushoto, kijana akazungusha kile kitufe kidogo cha trimu kwenye rimoti likanyooka. Lakini sasa likikata kona ya kulia linabaki linavuta kulia, likikata ya kushoto linabaki linavuta kushoto. Mwezi uliopita liligonga ukingo wa barabara kwa nguvu, na tangu siku hiyo matairi ya mbele yametazama nje kama miguu ya bata. Isitoshe, hata likisimama linanguruma taratibu upande wa mbele. Fundi simu wa mtaani anasema sevo, kile kimota kinachogeuza usukani, imekufa, ninunue nyingine. Jirani mwenye gari anasema hiyo ni alaimenti tu, yaani matairi hayajanyooshwa sawa. Kijana naye amepaka grisi kila kona. Nani yuko sahihi, na nianzie wapi kabla sijatoa hela?”*

Dada yangu, fundi simu na jirani wote wameona kitu cha kweli, ila kila mmoja ameona kipande. Jibu liko kwenye maneno yako mwenyewe: likikata kulia linabaki kulia, likikata kushoto linabaki kushoto. Hapo umeshataja ugonjwa wenyewe.

Hitilafu za usukani ziko za aina mbili. Kuna ile inayokaa pale pale: lori linavuta kushoto asubuhi, mchana na jioni, kwa kiasi kile kile. Hiyo trimu inaiweza, na alaimenti inaiweza. Halafu kuna ile inayohamahama kutegemea ulitoka kona ipi. Hiyo hutaipata kwa trimu hata ukizungusha mpaka kitufe king’oke, kwa sababu hakuna katikati moja ya kulirudishia. Kuna sehemu imelegea, au kuna sehemu inakwama, na mara nyingi yote mawili. Ukianza kupima alaimenti kabla ya kuondoa ulegevu utapata kipimo kimoja saa nne na kingine saa tano, ubaki unailaumu rula.

Ngoja nikueleze usukani wake unavyofanya kazi, maana ukishaelewa hapa vingine utavibaini mwenyewe. Kijana akizungusha gurudumu la rimoti, kifaa cha kupokea mawimbi ndani ya lori, yaani risiva, kinaituma sevo mapigo madogo ya umeme, kama pigo moja kila milisekunde 20. Pigo la milisekunde 1.5 maana yake ni “kaa katikati”. Likifupika kuelekea 1.0 sevo inaenda upande mmoja, likirefuka kuelekea 2.0 inaenda upande wa pili. Ndani ya sevo kuna mota ndogo, gia kadhaa, na kipimo kinachoiambia shafti yake iko wapi. Sevo inajizungusha mpaka kipimo kikubaliane na pigo, kisha inatulia.

Lakini sevo inaijua shafti yake tu. Matairi haiyajui. Kati ya shafti na tairi kuna mkono wa sevo, kilinda sevo chenye springi, ile mikono pacha inayozunguka katikati ya chesisi, tairodi mbili (fimbo zinazosukuma matairi), boljointi zake (mpira mdogo wa chuma ndani ya kikombe cha plastiki), kishikio cha tairi na beringi. Kila kimoja kikicheza kidogo tu, ukijumlisha unapata tairi linaloweza kwenda huku na huku bila sevo kujua lolote. Sevo inasema “nimefika katikati”, na kwa upande wake inasema kweli.

Sasa trimu. Trimu haisogezi chuma chochote, inabadilisha tu lile pigo la katikati. Kijana akiizungusha sana kwenda kulia, sevo inaanza safari ikiwa tayari imeegemea kulia. Matokeo yake, kona ya kulia inafika ukingoni mapema na sevo inaendelea kusukuma kitu kisichokwenda, huku kona ya kushoto ikipungua. Huo mngurumo unaousikia lori likiwa limesimama ndio huo: sevo imeagizwa kufika mahali, njia imezibwa, nayo haikati tamaa. Sevo ya kawaida ikizuiliwa hivyo inaweza kula ampea moja na zaidi, ikachemka, na mwisho ikaungua kweli. Kwa hiyo fundi simu anaweza kuwa sahihi wiki ijayo hata kama leo amekosea. Zimeni lori mpaka mlipime, na trimu irudisheni kwenye sifuri.

Kupima kunataka meza, boksi la kulinyanyua matairi yasiguse chini, na utulivu. Washeni rimoti kwanza, kisha lori. Kuzima ni kinyume chake. Lori likiwashwa bila rimoti linaweza kukimbia lenyewe, na vidole vikiwa karibu na gia si mchezo. Mkiweza kuchomoa nyaya za mota kubwa ya kuendeshea, bora zaidi.

Lori likiwa juu ya boksi, geuzeni usukani kulia hadi mwisho, uachieni, kisha tazameni matairi yamesimama wapi. Wekeni alama kwa penseli mezani. Rudieni kwa kushoto. Kwa maelezo yako natarajia alama hizo mbili zitatofautiana. Sasa chomoeni kiungo kati ya mkono wa sevo na mikono pacha, sevo ibaki peke yake, mrudie kipimo kile kile mkiangalia mkono wa sevo pekee. Mkono huo ukirudi mahali pamoja kutoka pande zote mbili, na ukae kimya, basi sevo ni nzima na hela yako ibaki mfukoni. Ukiruka sehemu moja kwa mlio wa “tak”, kuna jino la gia limevunjika. Ukitetemeka katikati bila kuguswa, ile sehemu ya kipimo ndani imechakaa au imeingia vumbi, japo angalieni kwanza kama betri ina chaji, maana betri dhaifu nayo huitetemesha sevo. Na kama mkono unacheza mkononi mwako huku boksi la sevo limetulia, gia zimelika au skrubu ya mkono imelegea.

Kwa uzoefu wangu, malori mengi yanayoletwa na sentensi kama yako sevo zake ni nzima. Ubaya uko mbele yake.

Kwa hiyo zimeni umeme, shikeni tairi moja la mbele kwa vidole viwili, mlitikise taratibu kulia na kushoto, huku mwingine akifuata kwa macho kila kiungo kuelekea kwenye sevo. Msitazame tairi, tazameni mahali ambapo mwendo unapotea: upande mmoja wa kiungo unasogea, upande wa pili umetulia. Hapo ndipo penye tatizo. Tairi likicheza lakini kishikio chake kimetulia, ni nati ya tairi au beringi. Kishikio kikicheza juu na chini, ni pini zake. Tairodi ikisogea kabla ya boljointi kufuata, ni boljointi. Mikono pacha ikiyumba kwenye nguzo zake, ni bushi, yaani vile vipete vinavyovaa kwenye nguzo; hapo ndipo ninapopata ulegevu mwingi kwenye malori yaliyotumika, kwa sababu bushi nyingi ni za plastiki, na vumbi la huku linazisaga.

Kilinda sevo kiangalieni peke yake. Kazi yake ni kujikunja tairi likigonga jiwe ili pigo lisifike kwenye gia. Springi yake ikichoka inajikunja hata kwa msuguano wa kawaida wa matairi chini, na hiyo inatoa dalili yako neno kwa neno: kona imeisha, sevo imerudi, lakini springi haina nguvu ya kuyamalizia matairi safari. Kwenye malori mengi ina nati ya kukazia. Ikazeni kiasi, nusu mzunguko halafu jaribuni. Mkiikaza mpaka mwisho mmekiua kilinda sevo, na mgongano ujao utaishia kwenye gia.

Upande wa pili wa sarafu ni kukwama. Chomoeni tairodi zote mbili. Kila kishikio cha tairi kinatakiwa kianguke chenyewe kwa uzito wake ukilaza lori ubavu. Kisipoanguka, kuna pini iliyopinda, skrubu iliyokazwa kupita kiasi, au uchafu. Na hapa tuzungumze grisi ya kijana.

Najua alikuwa na nia njema, lakini grisi kwenye viungo vilivyo wazi, kwa kiangazi chetu cha Mei mpaka Novemba, ni kosa kubwa. Vumbi la Dodoma lina mchanga ndani yake. Likinasa kwenye grisi linageuka msasa wa maji unaofanya kazi kila usukani ukigeuka. Boljointi za plastiki na bushi za nje zinatakiwa kuwa kavu. Grisi inakaa ndani ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia) na ndani ya boksi la gia, mahali palipofungwa. Aisugue yote kwa mswaki wa zamani na spiriti ya duka la dawa, mbali na moto na baada ya kutoa betri, na asitumie petroli, kwa usalama wake na wa mpira wa beringi. Boljointi ikibana sana hata baada ya kusafishwa, iminyeni kidogo kwa plaizi ikiwa imevaa mpira wake wa chuma. Plastiki inatanuka na kiungo kinalegea vya kutosha.

Wakati huo huo toeni matairi mtazame nyuma yake. Mbigili haziwezi kulitoboa tairi la lori hili, kwa kuwa ndani lina sponji, halina upepo. Shida ni uzi, nyasi na zile nywele za rasta zinazopeperuka mitaani. Zinajizungusha kwenye ekseli nyuma ya tairi mpaka beringi inakuwa nzito. Tairi moja zito linatosha kulivuta lori upande wake. Zungusheni matairi yote kwa kidole mlinganishe, mkikumbuka kwamba ya mbele na ya nyuma yanaburuza difu, kwa hiyo hayatazunguka kwa uhuru kabisa.

Kuhusu kule kugonga ukingo. Matairi kutazama nje baada ya kugonga maana yake ni ama tairodi imepinda, ama uzi wa skrubu wa boljointi umechomoka kwenye plastiki, ama pini ya mkono wa chini unaobeba tairi imepinda au kishikilio chake kimepasuka. Pini itoeni muiviringishe juu ya kioo: iliyonyooka inateleza sawasawa, iliyopinda inadundadunda. Msiinyooshe kwa nyundo, badilisheni. Ni chuma kidogo tu. Nyufa kwenye plastiki nyeusi zinajificha, kwa hiyo ikunjeni sehemu taratibu chini ya mwanga mkali, ufa utafunguka wenyewe.

Mkifika hapo, mkaondoa ulegevu na kukwama, ndipo neno la jirani yako linapopata zamu yake.

Anzeni na sevo. Toeni mkono wake, washeni, trimu sifuri, sevo ijiweke katikati, kisha rudisheni mkono ukiwa karibu na pembe mraba na fimbo inayousukuma. Hautakaa sawasawa kabisa, na si kosa lenu. Shafti nyingi zina meno 25, maana yake kila jino linasogeza mkono digrii 14.4, hivyo mnaweza kubaki mmekosea hadi digrii saba hivi. Chagueni jino lililo karibu zaidi. Hayo mabaki ndiyo kazi halali ya trimu. Angalizo: kuna sevo za meno 23 na za 24 pia. Mkono wa moja hauvai nyingine, na ukilazimisha utakata meno ya ndani, kisha ulegevu unaanza upya.

Sasa matairi ya mbele. Lori likiwa sakafuni juu ya kigae, libonyezeni mara mbili tatu lijikalie, kisha egemezeni rula mbili zilizonyooka kwenye kuta za nje za matairi ya mbele, kwenye usawa wa ekseli. Pimeni umbali kati ya rula hizo mbele ya tairi na nyuma ya tairi. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 11 hivi, kila tairi likitazama nje digrii moja, umbali wa mbele utauzidi wa nyuma kwa kama milimita 4. Kwa mtoto anayeendesha kwenye uwanja wa vumbi, ningeyaweka yawe sawa kabisa, au yafunge mbele kidogo, milimita 2 hadi 4 kwa jumla. Matairi yanayotazama nje hulifanya lori liingie haraka kwenye kona, ndiyo maana wanaoshindana wengine huyapenda, lakini kwenye njia iliyonyooka linatangatanga na linamchosha anayejifunza.

Kurekebisha ni kwa tairodi. Zikiwa na uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande wa pili, huchomoi kitu. Unazungusha fimbo kwa spana nayo inarefuka au kufupika. Uzi wa milimita 3 wa kawaida ukizungushwa mzunguko mzima hubadilisha urefu kwa milimita 1, na kwa vishikio vya ukubwa huu hiyo ni karibu digrii tatu za tairi. Kwa hiyo zungusheni theluthi, kisha mpime tena. Na zungusheni pande zote mbili sawa, la sivyo matairi yatakuwa sambamba lakini usukani utakaa upande. Kama tairodi zenu ni za plastiki za urefu usiobadilika, hakuna cha kurekebisha: kipimo kikiwa kibaya, kitu kimepinda au kimechakaa.

Matairi ya nyuma yaacheni kabisa. Mtayaona yamefunga mbele, digrii mbili au tatu, na jirani atasema yamepinda. Yametengenezwa hivyo makusudi. Ndiyo yanayolifanya lori lisizungushe mkia mkikanyaga moto. Nimeona watu wakihangaika kuyanyoosha, wakaishia na lori linalogeuka nyuma mbele kila likiongezewa mwendo. Kuegama kwa tairi juu kwenda ndani, digrii moja au mbili, nako ni kawaida. Kama kushoto na kulia vinalingana, msivihangaikie.

Likiwa bado linavuta baada ya haya, tazameni linavuta lini. Likivuta tu mkiongeza moto, lakini linyooke mkiachia, usukani hauna kosa: ni difu, shafti iliyochomoka, tairi lililobanduka kwenye rimu, au sponji iliyonyonya maji upande mmoja. Likilala upande mmoja hata likisimama, ni shokapu au springi yake.

Wakati mnasubiri spea, kuna dawa ya muda ya boljointi iliyochakaa: kipande cha nailoni nyembamba kati ya mpira wa chuma na kikombe chake, kisha unabonyeza na kukata kinachozidi. Mifuko ya plastiki tumeiaga tangu Juni 2019, lakini nailoni ya kufungia mkate inafaa. Bushi za mikono pacha zinazoyumba juu na chini zinaweza kuwekewa washa nyembamba iliyokatwa kwenye chupa ya maji. Hayo yatawapitisha wiki kadhaa. Msinunue seti ya vishikio vya alumini vyenye rangi kabla ya kubadilisha bushi na boljointi za bei rahisi. Alumini ikigonga inapinda na kubaki imepinda, wakati nailoni ya kiwandani inakunjika na kurudi. Sehemu moja ningekubali chuma: bushi za mikono pacha, zikibadilishwa kuwa beringi ndogo.

Kama kipimo kitaonyesha sevo kweli imekufa, kabla hujaagiza hesabu nyaya zake. Tatu ni sevo ya kawaida, utapata mbadala kwa urahisi. Tano maana yake akili ya sevo iko kwenye bodi ya risiva, na sevo ya nyaya tatu haitafanya kazi hapo. Itabidi ya aina ile ile, au ubadilishe risiva na kidhibiti cha mota pia, na hapo bei inaweza kukaribia ya lori jingine lililotumika. Kwa nyaya tatu, tafuta ya ukubwa wa kawaida, urefu wa milimita 40 na upana 20, gia za chuma, nguvu ya kuzungusha ya kilo-sentimita 9 (kg·cm) kwenda juu, na ikubali volti 6. Mwambie muuzaji idadi ya meno ya shafti. Spea nyingi zitatoka Dar es Salaam kwa basi au zitaagizwa nje, kwa hiyo andika namba iliyo chini ya chesisi na upige picha kila sehemu kabla ya kuagiza.

Kuna mambo ambayo msiyafanye nyumbani. Betri ya litiamu ikivimba, ikipondeka kwenye ule mgongano, au ikinuka utamu usioeleweka, toeni nje mbali na vitu vinavyoungua, msiichaji tena, msiitoboe. Waya uliochomoka kwenye bodi mpelekee huyo huyo fundi simu. Kwa kuchomelea risasi ndogo yeye ni mtu sahihi, na hata kusafisha kipimo cha ndani ya sevo anaweza, mradi umpe sevo pekee na umwambie dalili. Nguzo ya mikono pacha iliyolika, au tundu lililopanuka kwenye chesisi, mpelekee fundi wa kukereza vyuma akutengenezee bushi ya shaba. Gereji ya alaimenti ya magari msihangaike nayo, vifaa vyao havina pa kushika tairi la sentimita 11.

Ukifanya kipimo cha alama mbili na kile cha sevo ikiwa peke yake, niandikie umeona nini, pamoja na idadi ya nyaya za sevo. Na kazi ya bisibisi mwachie kijana, wewe shika tochi na ufuatilie kwa macho. Anayetikisa tairi ni nadra kuona kinachocheza.